Mguu Mmoja Umenyooka

Saint-Josse ni manispaa ndogo kuliko zote 19 za Brussels. Eneo lake linazidi kidogo tu kilomita moja ya mraba, lakini tumo humo watu kama 27,000, na kwa kuwa ardhi haitoshi tumepangwa kwenda juu. Nyumba nyembamba za zamani, ghorofa tatu au nne, ngazi za mbao zinazojipinda kama pembe ya kondoo, na lifti ni habari za manispaa nyingine. Anayepanga hapa huuliza kodi, huuliza kama gharama za kupasha joto zimo ndani ya kodi, halafu hubeba sanduku lake mpaka juu. Sijaona anayeuliza goti lake litasemaje baada ya miaka kumi.

Dada yangu alipanga ghorofa ya tatu akiwa na miaka 37. Ni mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni dada, basi. Ngazi 54. Najua idadi kwa sababu alikuwa akizihesabu kwa sauti. Alipofika miaka 46 alikuwa anashuka kinyumenyume, ameshika ukuta, kama fundi anayeteremka paani. Kutoka Madou kushuka hadi uwanja wa Saint-Josse, mteremko ambao mtu mzima hauoni hata kama ni mteremko, yeye alisimama mara tatu akijifanya anatazama maduka.

Kazi yake ni usafi wa nyumba za watu kwa mfumo wa titres-services, zile vocha ambazo mwenye nyumba hununua na serikali hujazia. Wasomaji wa Ubelgiji mnaujua. Wengi wetu tumepita humo. Unapiga magoti kusugua sakafu ya bafu, unapanda ngazi na ndoo, unakimbilia basi, unaanza nyumba nyingine. Mshahara ule unasomesha watoto wawili Usa River na unamtunza mama mkubwa pale Maji ya Chai. Kwa hiyo goti lilipoanza kuvimba kila jioni halikuwa goti la mtu mmoja.

Daktari wa kwanza, ambaye simtaji, alimwambia apunguze uzito na ameze paracetamol. Ushauri wa uzito si wa kubeza. Utafiti umeonyesha kwamba ukipunguza kilo moja, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kilichonikera ni kwamba hakumwambia avue suruali asimame. Angemwona amesimama angeona kilichoonekana tangu utotoni, ambacho Dada alikificha kwa sketi ndefu tangu shule ya msingi: ana matege.

Mimi ni muuguzi. Stashahada niliipata Tanzania, digrii niliichukua huku, na wodi yangu ni ya wagonjwa wa figo, si ya mifupa. Hata hivyo matege na goti ni jambo ambalo unaweza kulieleza bila kitabu. Ukichora mstari kutoka nyongani hadi kwenye kifundo cha mguu, kwa mtu mwenye mguu ulionyooka unapita karibu na katikati ya goti. Hata hapo upande wa ndani hubeba zaidi, kama asilimia 60 ya mzigo. Kwa mwenye matege mstari huo husogea ndani, wakati mwingine hadi nje ya goti kabisa, na upande wa ndani hubeba karibu kila kitu. Gegedu, ile nyama laini ngumu inayofunika ncha za mifupa, husagika upande huo huku upande wa nje ukibaki mzima kabisa. Ni sawasawa na gari lililokosa alaimenti: tairi linakula upande mmoja. Unaweza kubadilisha tairi kila mwaka, lakini fundi yeyote wa Arusha atakwambia urekebishe alaimenti kwanza.

Upasuaji aliopendekezewa na daktari bingwa wa mifupa, mwaka mmoja baadaye, ndiyo hiyo alaimenti. Kifaransa chao wanaita ostéotomie. Wanaukata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, kuanzia upande wa ndani, lakini hawaufikishi mwisho. Wanaacha kama sentimita moja upande wa nje iwe bawaba. Halafu wanaupanua ule ufa taratibu, milimita kwa milimita, mpaka mguu unyooke kwa kipimo walichokipanga kwenye picha ya eksirei ya mguu mzima. Wanafunga bamba la titani na skrubu. Pengo lenyewe mfupa hulijaza, wakati mwingine kwa kusaidiwa na vipande vya mfupa. Kwa Dada pengo lilikuwa milimita tisa. Hawaurudishi mstari katikati tu. Mara nyingi wanausogeza kidogo kuelekea nje, kwenye asilimia 60 hivi ya upana wa goti ukianzia ndani, ili upande mzima nao ufanye kazi na ule uliochoka upumzike.

Si jambo jipya. William Macewen wa Glasgow alikuwa akikata na kunyoosha mifupa ya watoto wenye matege katika karne ya 19, watoto wa mji wa moshi ambao hawakuona jua la kutosha. Kwa ajili ya goti lililosagika, Waingereza Jackson na Waugh waliandika habari zake mwaka 1961, na Mark Coventry wa Mayo Clinic kule Marekani akaueneza baada ya andiko lake la 1965. Zamani walitoa kipande cha mfupa upande wa nje. Siku hizi wengi hupanua upande wa ndani.

Lakini matege ya Dada hayakutoka Glasgow. Yalitoka kwenye maji. Waliokulia chini ya Mlima Meru wanajua. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano yanabeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingine vya Arumeru vina mara kadhaa ya hapo. Kidogo hulinda meno, nyingi huyafanya ya kahawia, na mtoto anayekua akinywa nyingi sana mifupa yenyewe huharibika na miguu hupinda. Ukicheka tu Dar es Salaam wanajua umetoka Arusha, utani ambao Dada aliusikia sana na hakuupenda hata siku moja. Magadi ya kulainishia maharage yanaongeza floraidi nyingine juu ya ile ya maji. Na kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Kinachosaidia ni maji ya mvua, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, kazi ambayo kituo cha Ngurdoto kimeifanya kwa miaka mingi. Mwenye kutuma pesa nyumbani maeneo hayo, chujio ni zawadi kubwa kuliko simu.

Nilimweleza mpasuaji habari ya maji. Alikuwa hajawahi kukutana na mgonjwa wa namna hiyo, akasikiliza, akaandika, akaagiza vipimo zaidi vya damu na mifupa kabla ya kukubali. Vitamini D ilikuwa chini, jambo ambalo halimshangazi mtu mweusi anayefanya kazi ndani ya nyumba za watu Novemba hadi Machi. Walimpa dawa kwanza, wakasubiri.

Kilichotusumbua kuliko vipimo vyote kilikuwa Kiswahili. Dada alimpigia mama yake jioni ile ile. "Shikamoo mama. Mama, watanikata mfupa wa mguu." Mama mkubwa alisikia: watanikata mguu. Kufika saa tatu usiku kundi la familia kwenye simu lilikuwa limewaka. Shangazi ameanzisha maombi ya siku saba, mjomba ana mtu wa dawa za miti shamba Ngaramtoni, na kaka aliyeko Mwanza anauliza bei ya mguu wa bandia. Lugha yetu imelipa kitenzi hiki kazi nyingi mno. Tunakata kucha, tunakata tiketi, tunakata shauri, tunakata tamaa, na wote tunamjua jirani aliyekatwa mguu kwa kisukari. Siku zilizofuata nilipiga simu moja moja, nikisema kunyoosha. Wanaunyoosha. Mguu unabaki wake, unyayo wake, vidole vyake vitano.

Mama mkubwa alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, samaki mkunje angali mbichi. Huyo wangu ameshakauka."

Nikamjibu kwamba mfupa si samaki, mama. Bibi alivunjika mkono akiwa na miaka zaidi ya 70 na ukaunga. Mfupa unaendelea kujijenga mpaka tunakufa. Alikubali nusu.

Na hofu yake haikuwa ya kijinga. Niliona heri Dada azisikie hatari zote kwa Kiswahili mezani kwangu kuliko kwa haraka katika Kifaransa cha kliniki. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu na kusafiri hadi mapafuni. Vidonda vinaweza kuingia vijidudu. Ile bawaba inaweza kupasuka. Mfupa unaweza kukataa kuunga, hasa kwa mvutaji sigara. Wapasuaji wengi hawamgusi mtu ambaye hajaacha. Na matokeo si ya milele. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba miaka 10 baadaye zaidi ya 7 kati ya 10 bado wanatembelea goti lao wenyewe. Waliobaki wamekwisha kuwekewa goti la bandia.

Kwa nini basi asiwekewe goti la bandia moja kwa moja? Dada aliuliza hivyo hivyo. Kwa mtu wa miaka 70 ningesema ndiyo bila kusita. Goti la bandia ni kitu kizuri, lakini linachakaa, na kulibadilisha mara ya pili ni upasuaji mkubwa kuliko wa kwanza. Mtu wa miaka 47, goti linapinda vizuri, upande mmoja tu ndio umesagika, hana baridi yabisi, na kazi yake ni ya kupanda na kuinama: huyo ndiye aliyeandikiwa upasuaji huu. Unanunua miaka. Wengine wanaupuuza siku hizi kwa sababu goti la bandia limekuwa rahisi kupata. Mimi nadhani wanakosea kwa wafanyakazi wa mikono.

Kununua, lakini, ni kulipa. Hospitali haikuwa ghali. Dada ana ile haki ya BIM kwenye mutuelle, yaani kipato chake kidogo kinampa nafuu, na tulichagua daktari anayefuata bei za makubaliano. Na naomba mlishike hili: chumba. Fomu ya kulazwa inakuuliza unataka chumba cha peke yako au cha pamoja. Cha peke yako kinamruhusu daktari aongeze ada yake juu ya bei ya kawaida. Cha watu wawili hakimruhusu. Dada alitaka cha peke yake ili asali kwa nafasi. Nikamwambia Mungu anasikia hata pale penye pazia. Bili nzima ilikuwa chini ya nauli ya ndege kwenda Kilimanjaro.

Gharama ilikuwa muda. Mwanzoni mwajiri analipa, halafu mutuelle inalipa asilimia 60 ya mshahara, na asilimia 60 ya mshahara wa usafi ni hesabu fupi. Kodi ya nyumba haijui kama unatembelea magongo. Ada za Usa River zilikuwa zinaingia Januari. Tuliketi watu wanne jikoni kwangu na kikokotoo. Mimi nilibeba ada za mtoto mmoja. Kaka wa Mwanza, yule wa mguu wa bandia, akabeba chakula cha mama mkubwa. Dada akaomba kwenye upatu wa kina mama apokee zamu ya tatu badala ya ya tisa, na mwenye zamu ya tatu, mama wa Bukavu anayeishi Schaerbeek, akasema, "Chukua, dada, hata mimi nina magoti."

Upasuaji ulichukua saa moja na nusu. Alilala hospitali siku tatu, kisha akaja kwangu, kwa sababu mimi nakaa chini, nyuma ya duka la mikate la Waturuki kwenye barabara ya Haecht. Wiki sita hakuruhusiwa kuukanyagia mguu uzito wote. Alifundishwa kwa mizani ya bafuni: kanyaga mpaka isome kilo 15, hapo hapo basi. Kila jioni sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande. Mtaalamu wa viungo, ambaye hapa kila mtu anamwita kine, mara tatu kwa wiki. Kuhusu magongo na ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Mfundishe na mtoto wa nyumba, maana mgonjwa akichoka husahau.

Sitawaambia kwamba haikuuma. Usiku kumi za kwanza alikuwa akiamka saa nane kamili. Wiki ya tatu, nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nilimkuta ameketi kitandani anautazama ule mguu, na akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mdogo wangu, nilikuwa natembea. Kwa shida, lakini nilikuwa natembea. Mkanilaza." Nimejibu ndugu wa wagonjwa wengi katika kazi yangu. Siku ile sikuwa na la kusema. Nilibadilisha barafu nikaenda kuweka maji ya chai.

Kampuni yake, ambayo nayo siitaji, ilipiga simu wiki ya tano kuuliza tarehe. Wiki ya nane ikapiga tena. Alianza kuota kwamba amepewa barua.

Mwezi wa nne picha ilionyesha wingu la kijivu ndani ya pengo. Kwa asiyejua ni uchafu kwenye picha. Ni mfupa mpya. Mpasuaji aliugusa kwa kalamu akasema kitu kama "très joli", na Dada, ambaye hakuna aliyewahi kuuita mguu wake mzuri, aliomba aipige picha kwa simu. Mwezi wa tano alirudi kazini nusu muda kwa kibali cha daktari wa mutuelle, utaratibu ambao watu wengi wetu hawaujui: unaweza kufanya kazi kidogo na kuendelea kupata sehemu ya malipo, mradi uombe kabla ya kuanza. Wakampeleka kwenye kituo cha kupiga pasi badala ya majumbani. Anasimama, lakini hapigi magoti.

Wenye watoto wadogo, neno moja. Matege kabla ya miaka miwili kwa kawaida ni ya kupita. Yakizidi baada ya hapo, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, usingoje "atanyooka mwenyewe", mpeleke. Na yale matone ya vitamini D wanayokuandikia kwenye kliniki za ONE, mpe kila siku. Mtoto mweusi chini ya mawingu ya Brussels anayahitaji kuliko jirani yake. Nyumbani nako msaada upo. Arusha kuna The Plaster House, wanakokaa watoto wakipona baada ya upasuaji, wakiwemo wa miguu iliyopindwa na maji. Dada alipozaliwa haikuwepo.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Anazishuka zile ngazi 54 akitazama mbele. Akisimama wima, mguu wa kulia umenyooka na wa kushoto una upinde wake wa zamani; anajiita nusu ya mabano. Mguu ulionyooshwa umerefuka kidogo, milimita chache, na ameweka soli ya ndani kwenye kiatu cha kushoto. Alimtumia mama mkubwa picha, kwa mara ya kwanza amevaa sketi ya magotini. Jibu likaja kwa sauti: "Na huo mwingine unamwachia nani?"

Wa kushoto hauumi. Mpasuaji anasema hakati mfupa wa goti lisilouma kwa sababu ya sura tu, na hapo niko upande wake. Dada bado anafikiri. Bamba pia linamsumbua, linasugua ngozi anapopiga magoti kanisani, na sasa linaweza kutolewa kwa upasuaji mdogo. Lakini hiyo ni wiki mbili au tatu nyingine bila kupiga pasi, na zamu yake ya upatu inayofuata ni Oktoba. Limebaki humo.